Kete zetu za ludo ziliandikwa "kamari" pale Voi, nikakataa kuweka sahihi

Salamu zenu wakuu. Nimesoma hapa watu wakilalamikia ushuru wa vitu wanavyoagiza online, nikaona na mimi niseme yangu. Ni ya miaka ya hamsini na sijaongeza chumvi. Mnivumilie, naandika kwa kidole kimoja na shule yangu iliishia primary.

Wakati huo nilikuwa kijana kule Chawia, milimani juu ya Voi, mwenye aibu nyingi. Mtu akinisalimia barabarani nilimjibu nikiangalia miguu yake.

Kanisa lilitupatia sisi vijana chumba cha kukutania Jumamosi. Tulikuwa na ludo moja ya karatasi, imechakaa mpaka nyumba ya kijani haionekani tena. Tukaamua kutengeneza zetu. Mimi nikachonga mbao na kuzipaka rangi. Kete na dadu tukachanga pesa, tukaagiza Uingereza kupitia mwenye duka mmoja wa Voi.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwa kubana matumizi tuliagiza kete na dadu peke yake. Ubao wa nini, na miti imejaa huku milimani?

Mzee wa kanisa, Mzee Mwakio, alikuwa ametuonya mapema.

"Siku nitakayosikia kuna kamari humo ndani, chumba kinarudi kuwa stoo ya mahindi."

Hakuwa mtu wa kutania.

Mzigo ukafika Voi, nikatumwa mimi kwa sababu mimi ndiye fundi wa mbao. Karani wa forodha alikuwa ameshaufungua. Akamwaga kete mezani, kisha dadu.

"Hii ni nini, kijana?"

"Ni mchezo, bwana."

"Mchezo uko wapi? Mimi naona vidude tu na dadu."

"Uko Chawia."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Uambie upande basi uje, tutangoja."

Karani hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alinieleza taratibu. Kwenye kitabu chake cha ushuru, mchezo kamili una mahali pake. Ubao, kete na dadu zikija katika boksi moja, huo ni mchezo wa nyumbani. Dadu zikija bila ubao, yeye anaziandika vifaa vya kamari. Ushuru wake ulikuwa juu, lakini pesa iliyobaki kwenye mchango wetu ingetosha.

Akaandika, akanigeuzia karatasi. Juu, vifaa vya kamari. Chini, jina langu.

"Weka sahihi hapo, lipa, uende na mzigo wako."

Wakuu, ingekuwa rahisi. Lakini Mzee Mwakio alikagua kila kitu kilichoingia kile chumba, na karatasi hiyo angeitaka. Chumba kingekwisha siku hiyo hiyo. Na hata kama asingeiona, haikuwa kweli.

"Siweki," nikasema.

"Unasemaje?"

"Mimi sichezi kamari. Andika mchezo, nitalipa sasa hivi."

"Kijana, karatasi hii ni ya serikali, si ya Chawia."

"Jina ni langu."

Na kwa mara ya kwanza nilikuwa namwangalia mtu usoni.

Karani akarudisha kete kwenye boksi. "Basi zinabaki hapa. Utarudi tu."

Sijarudi mpaka leo.

Nyumbani sikupokelewa kama shujaa. Pesa ya mzigo ilikuwa imepotea, siwezi kuficha. Mshai, msichana aliyekuwa akituongoza pale chumbani, aliniuliza kama sahihi yangu ni ya dhahabu.

Halafu huyo huyo Mshai akachukua punje sita za mahindi, akazichoma upande mmoja jikoni mpaka zikawa nyeusi. Unarusha zote, unahesabu nyeusi zilizotazama juu. Hiyo ndiyo dadu. Kete tukatumia maharagwe: mekundu, meupe, meusi na yale ya madoa.

Jumamosi Mzee Mwakio akaingia. Habari za Voi zilikuwa zimemfikia.

"Nasikia kuna kamari imeletwa. Iko wapi?"

"Imebaki kwa karani, mzee," nikamjibu. "Nilikataa kuiwekea sahihi."

Akatazama ubao, akatazama mahindi. Akavuta kiti, akachagua maharagwe mekundu, akarusha. Punje zote sita zikatoka nyeusi, naye akanyoosha mkono arushe tena, maana sita inakupa zamu nyingine. Kumbe sheria za ludo alikuwa anazijua kitambo.

Chumba kilibaki chetu.

Nilichojifunza: jina lako usiliweke chini ya kitu ambacho sicho, hata kama kalamu ni ya serikali na foleni inakucheka. Na ukiagiza mchezo, agiza na ubao wake.

Wewe uliyewahi kuandikiwa kitu kingine pale forodha, ulilipa ama ulikaza? Weka hapa chini. Nitasoma zote, kujibu ndiko kutachukua muda.