Spika za Shemeji

Shemeji yangu ni kinyozi, na kinyozi mzuri, lakini ukimtaka akunyoe kimyakimya umekosea mlango. Fremu yake ina viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na juu ya kabati la poda na taulo kuna redio ndogo iliyochomekwa flashi. Redio hiyo ina sauti ya mtu mwenye mafua. Kutwa nzima inapiga nyimbo za bendi moja tu, bendi aliyokuwa akiimbia dada yangu, mke wake, mpaka ugonjwa ulipomtoa jukwaani na baadaye ukamtoa duniani.

Niseme mapema nisije nikaonekana natia chumvi: dada hakuwa nyota. Nyota alikuwa yule bwana tuliyemwita Tarumbeta, na suti zake za kung'aa na mdomo usiofunga. Dada alikuwa mmoja wa wanawake watatu waliosimama nyuma yake na kuitikia. Siku ya kurekodi waliwekwa wote watatu mbele ya kipaza sauti kimoja, na kwenye redio ile ya shemeji sauti zao zimekuwa uji. Huwezi kusema huyu hapa ndiye yeye. Hata mimi mdogo wake, niliyelala naye kitanda kimoja tangu utotoni, nilikuwa siwezi. Liliniuma sana jambo hilo, ila sikuwahi kumwambia mtu.

Kuna wimbo mmoja wa polepole ambao shemeji anaupenda kuliko zote. Karibu na mwisho, kabla tu ya kiitikio cha mwisho, pana kitu kinakwaruza, kifupi, kama mtu anayefuta kiatu mlangoni. Wateja wakiuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Hapo kanda ilikwaruzika. Tuliuhamisha kutoka kwenye kanda ya zamani." Halafu anaendelea na kichwa anachonyoa.

Basi siku moja akaja kunyolewa mwenye duka moja la mjini, duka la vyombo vya muziki vya watu wenye nazo. Wateja wa shemeji walimpa jina la Masikio siku hiyo hiyo, kwanza kwa ukubwa wa masikio yenyewe, pili kwa jinsi alivyojisifu nayo. Alikaa kitini, akasikiliza nyimbo mbili na kitambaa shingoni, kisha akasema, "Bwana kinyozi, redio hii inakudhulumu. Chukua flashi yako, njoo dukani kwangu. Kusikiliza ni bure."

Shemeji alikwenda. Jioni akaja kwangu moja kwa moja, bado ana nywele za watu kwenye mikono ya shati. Mimi nilikuwa napiga pasi.

"Shemeji," akaniambia, "nataka kununua spika."

"Spika? Wa bunge gani?"

Hakucheka. Mimi na yeye tumetaniana tangu siku ya posa, na sikumbuki utani wangu kuanguka chini namna ile. Nikaizima pasi.

"Nimemsikia," akasema.

"Umemsikia nani?"

"Dada yako. Anavuta pumzi, shemeji. Kabla ya kuitikia, anavuta pumzi. Na pale panapokwaruza, hapakwaruzi. Ni yeye. Anasema neno."

"Neno gani?"

"Anasema, pokea."

Nilikaa. Ili uelewe kwa nini nilikaa, lazima nikueleze habari za Tarumbeta. Huyu bwana alikuwa akifika mwisho wa wimbo anapandwa na mashetani yake, anavuta maneno, anayakata, anayarudia, na waitikiaji hawajui waingie saa ngapi. Dada ndiye aliyemjua. Alimsoma mgongoni, alisema, kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka. Yakishuka tu, anawanong'oneza wenzake, "pokea," na wote watatu wanaupokea wimbo pamoja kana kwamba ulipangwa. Alitusimulia mara nyingi kwa kujidai. Haikutupitia kichwani kwamba neno hilo lingeingia kwenye kanda.

Na nyumbani nako neno lilikuwa lake. Akirudi kutoka kwenye muziki, na begi la magauni na viatu vya jukwaani, habishi hodi. Anasimama nje ya mlango na kuita, "Nipokeeni jamani, mkono unakatika!" Shemeji hata kama ana tonge mdomoni atainuka aende kumpokea. Mimi nilikuwa nawacheka. Nilimwambia dada begi lenyewe halina hata uzito, naye akanijibu kwamba hilo halinihusu.

Nilimuuliza shemeji bei ya hizo spika. Aliponitajia, kidogo nimrushie pasi.

Maana pesa hizo nilizijua. Mwenye jengo alikuwa ameamua kuuza fremu zake, na kwa heshima ya miaka mingi alimpa shemeji nafasi ya kwanza kuinunua ile anayonyolea. Alichokuwa nacho benki kilitosha fremu. Kilitosha pia spika. Vyote viwili, asahau.

"Utawanyolea wapi watu?" nikamuuliza. "Utawaweka juu ya spika? Na huyo Masikio wako ni tapeli, amekuona una msiba akakupimia koti."

"Njoo usikie kwanza, ndipo unitukane."

"Siji."

Nilikwenda. Masikio alikubali zikae nyumbani kwa shemeji kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, akiridhika alipe, asiporidhika azirudishe. Jumapili baada ya chakula cha mchana nikafika, nimejikaza kisabuni, tayari kwa ugomvi.

Chumba kile nilikuwa sikipendi. Enzi za dada kilikuwa kimejaa vitambaa mpaka unatafuta pa kuweka kikombe: mapazia mazito, zulia juu ya zulia, vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi, magauni yake yakining'inia ukutani kwa sababu kabati lilishajaa. Baada ya mazishi shemeji aliniambia nitoe kila kitu, hawezi kuviangalia. Nikavitia kwenye sanduku, nikavipeleka kwangu. Kikabaki chumba cha kochi, meza na kuta. Ukikohoa, chumba kinakujibu.

Spika zilisimama pembeni, moja kila upande, zinanifika kifuani, mbao zake zinang'aa hadi unajiona. Shemeji alikuwa amevaa shati la kutokea. Shati la kutokea, nyumbani kwake, Jumapili! Nilimwonea huruma, nikamkasirikia kwa sababu ya hiyo huruma.

Akabonyeza. Jamani, makelele! Besi ikavuma ukutani, Tarumbeta akawa kama anaimba ndani ya pipa, waitikiaji wakagonga dari na kurudi wakiwa wamechanganyikana zaidi kuliko kwenye redio ya mafua. Tukangoja ile sehemu. Ikapita. Hapakuwa na pumzi wala neno.

Akarudisha nyuma. Ikapita tena. Akasogeza spika, akazirudisha, akapunguza sauti, akaongeza. Nilikuwa nimeshinda ule ugomvi bila kufungua mdomo, na ningepaswa kufurahi. Lakini nilimwona anainama karibu na kitambaa cha spika kama anayezungumza na mtoto aliyejificha, na nikajikuta na mimi naomba kimoyomoyo. Nami nilitaka kumsikia. Nilimtaka dada yangu, basi. Hayo ya fremu nilikuwa nimeyafanya ngao tu.

Tukampigia Masikio. Akaja, akasimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja. Chumba kikampigia na yeye.

"Spika hazina kosa," akasema. "Kinachopiga kelele ni chumba. Sauti inagonga ukuta mtupu inarudi, inagonga tena inarudi, mwisho mnasikia kuta badala ya wimbo. Zulia hamna, pazia hamna. Chumba hiki kiko hivi tangu zamani?"

Shemeji aliitazama misumari mitupu ukutani. "Hapana," akasema. "Zamani palikuwa na nguo."

"Basi panataka nguo," akasema Masikio, hajui lolote, anakagua waya.

Shemeji akaniangalia. Sikungoja aniombe. Kwangu si mbali, nikaenda nikalifungua sanduku ambalo nilikuwa sijaligusa tangu nilipolifunga. Nilidhani nitamnusa. Harufu yake ilikuwa imekwisha, zimebaki dawa za nondo, na hapo ndipo nililia, peke yangu, kilio kifupi cha hasira. Kisha nikambebesha mwenye mkokoteni sanduku zima.

Tulitandika mazulia. Tukapachika mapazia kwenye misumari ile ile. Shemeji alitundika magauni mwenyewe, la buluu, la dhahabu, lile jekundu lililokuwa linambana na yeye akikataa kwamba linambana. Alikumbuka kila gauni lilikaa msumari upi. Masikio, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuelewa, alitusaidia bila maneno, na ninapaswa kumwomba radhi kwa kumwita tapeli, ila sijapata nafasi.

Tukaketi. Shemeji akabonyeza.

Sikujua kwamba kimya kinaweza kuwa sehemu ya wimbo. Gitaa liliingia peke yake, nikasikia kidole kinateleza juu ya waya. Tarumbeta aliimba, na nyuma yake sauti zile tatu ziliachana: yule mwenye sauti ya puani, yule anayekokota maneno, na dada. Dada yangu. Palepale, kimo chake, umbali wa mtu kukupa kikombe. Nilimsikia hata anavyomeza mate. Nikamshika Masikio mkono, mtu baki kabisa, na hakuuondoa.

Wimbo ukafika mwisho. Tarumbeta akaanza madoido yake, anavuta, anavuta. Akasita. Ndipo dada akavuta pumzi na kunong'ona:

"Pokea."

Shemeji aliinuka. Hakuinuka kama mtu aliyeguswa na muziki. Aliinuka upesi, kama mtu aliyechelewa, akavuka chumba na kufika mlangoni, mkono mmoja kwenye komeo, wa pili ameunyoosha kupokea begi. Komeo likalia. Akafungua. Nje palikuwa na jua na kamba ya nguo ya jirani.

Alisimama pale mpaka kiitikio kikaisha. Masikio aliangalia viatu vyake mwenyewe. Shemeji alipofunga mlango, alifunga polepole, kisha akarudi kukaa na mkono ule akauweka juu ya goti, kiganja bado kimefunguka.

"Nunua," nikamwambia. Sauti yangu sikuitambua. "Nunua, shemeji. Fremu zipo nyingi mjini. Nitakuchangia. Nitauza cherehani. Zinunue."

Nikaupiga wimbo tena mimi mwenyewe, nikaupiga na mara ya tatu, na kila ulipokaribia pale niliona vidole vya shemeji vinashika ukingo wa kochi.

Jumatatu alizirudisha.

Nilipata habari mchana, nikafunga shughuli zangu nikaenda kumvamia kazini. Alikuwa anasafisha mashine kwa brashi. Nilimwambia ni mchoyo, ana roho ya jiwe, amenipa dada yangu Jumapili na kuninyang'anya Jumatatu. Nilisema mengi, mengine hayaandikiki. Aliningoja nimalize, kama anavyomngoja mtoto anayeogopa mashine.

"Redio hii inaniambia alikuwepo," akasema. "Zile zinaniambia yupo mlangoni. Nikizinunua, shemeji, nitainuka kila siku. Na kila siku nitarudi kukaa mikono mitupu. Wewe ungeweza?"

Nilitaka kusema ningeweza. Nilitaka sana. Hadi leo kuna siku napita mbele ya lile duka la mjini, naziona zimesimama nyuma ya kioo, na miguu yangu inakuwa mizito. Naijua flashi ilipo. Kusikiliza ni bure, yeye mwenyewe Masikio alisema. Sijaingia.

Fremu sasa ni yake shemeji, ameipaka rangi, ule ufa wa kioo ameuacha. Nguo nazo hakuniruhusu kuzichukua tena. Gauni la buluu, la dhahabu na lile jekundu yako kwenye misumari yake, na chumba ukikohoa hakikujibu.

Wiki iliyopita nilipita kumsalimu nikamkuta na mteja mgeni kitini. Redio ya mafua ilikuwa inapiga ule wimbo wa polepole. Wakati Tarumbeta anavuta maneno yake, niliona shemeji ameizima mashine na kuiinua kutoka kwenye kichwa cha watu, kichwa kimenyolewa nusu. Pakakwaruza. Kiitikio kikaingia.

"Mzee," yule mteja akasema, "flashi yako imeharibika hapo."

Shemeji akawasha mashine.

"Haijaharibika," akamjibu. "Hapo kuna mtu."