Gari la Baba Lilipogoma

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu. Herufi zangu nyingine zimelala chali, nyingine kifudifudi, na makosa ya tahajia mtayaona wenyewe, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba na kalamu naishika kama mwiko. Naandika polepole. Kusema mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, sauti hunikauka. Ndiyo maana nimeona niwaandikie ninyi nisiowajua.

Juzi nilipita mbele ya nyumba ya jirani nikawakuta vijana wamelala chini ya lori, wanamimina mafuta ya taa juu ya chuma chenye kutu. Harufu ile ya mafuta ya taa na kutu iliyolowa ilinisimamisha pale pale, ndoo ya maji kichwani.

"Dada, umepotea?" mmoja aliniuliza.

Nilikuwa nimeshafika uani kwetu, mtaa wa Dunda, nimerudi kuwa mtoto wa mapengo, nimeshika chupa ya mafuta ya taa kwa mikono miwili.

Baba yangu alikuwa na gari dogo la mizigo, la bluu, mlango mmoja rangi nyingine. Alibebea nazi kutoka Zinga. Alifariki kwa homa mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, nikiwa darasa la tatu. Gari likabaki uani, kwenye ukuta wa upande wa bahari, upepo wa chumvi ukilipiga siku zote ambazo mama alikuwa ndani akikaa eda. Bibi, mama yake baba, alifunga milango ya gari, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Kiti cha mwanangu hakikaliwi na mtu mpaka siku ya safari," alisema, na kwetu neno la Bibi halikurudiwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama, kwenda kwao Pangani. Wazee walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba eda ikiisha arudi kwa ndugu zake, na Bibi alishikilia arudishwe kwa heshima, kwa gari la mumewe, pamoja na kitanda chake na sanduku lake, si kusukumwa ndani ya basi kama gunia. Baba mdogo Shomari, mdogo wake baba, ndiye angeendesha. Mimi nilisikia neno Pangani nikajihesabu ndani. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, wala sikuuliza. Nilikuwa mtoto wa aibu. Swali nililitafuna mpaka likaisha mdomoni.

Siku walipolisukuma, gari halikwenda. Magurudumu ya nyuma yalikataa kuzunguka, yakaburuza mchanga kama mbuzi anayevutwa kamba asitake. Baba mdogo alikuwa fundi cherehani, lakini mambo ya gari aliyajua kidogo kwa kumtazama kaka yake. Akasema kutu imekamata breki. Akalipandisha gari juu ya magogo ya mnazi, akafungua magurudumu ya nyuma, zikabaki dramu, yale mabakuli mazito ya chuma yanayofunika breki kwa ndani. Dramu ukiivuta hutoka. Zile hazikutoka.

Basi kila alasiri, akishafunga cherehani yake, Baba mdogo alikuja na nyundo. Aligonga pembeni, akazunguka, akagonga tena, huku mimi nikimimina mafuta ya taa kwenye ufa mwembamba nyuma ya dramu. Yaliposhindwa mafuta ya taa tukamwaga maji ya moto. Yaliposhindwa maji ya moto Bibi alitoa mafuta yake ya nazi, na uani kukanukia kama tunakaanga maandazi. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko na sikutaka kuiosha, kwa kuwa kila tone niliona linatusogeza Pangani, mimi na mama, nikae katikati, dirisha wazi.

Jirani yetu Kibwana, fundi baiskeli, alikuja kuegemea ukuta na kututazama.

"Shomari, hiyo ni breki au ni mama mkwe? Mbona unaibembeleza hivyo?"

"Njoo uibembeleze wewe."

"Mimi magari sijui, bwana. Lakini breki ya mkono umeitazama?"

Baba mdogo akacheka. "Kaka hakuivuta breki hiyo hata siku moja. Ua huu umelala kama mkeka. Yeye alitegesha jiwe nyuma ya tairi, basi. Jiwe lenyewe lile pale."

Kweli lilikuwepo, jiwe jeusi la baba, kando ya ukuta. Hakuna aliyejiuliza kwa nini lilikuwa kando ya ukuta na si nyuma ya tairi. Na hata mtu angejiuliza, mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa Bibi mpaka siku ya safari.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, anasuka ukili wa mkeka. Hakuinua uso.

Siku zile gari lilipogoma ndizo ninazozikumbuka zaidi katika utoto wangu. Mama alinisuka nywele kila asubuhi, akazifumua jioni, akazisuka tena. Alinifundisha kuwasha moto bila kujaza nyumba moshi, kufua sare yangu ya shule, kujichana mwenyewe kwa kupapasa bila kioo. Nikilalamika mkono umechoka, husema, "Jaribu tena, Zuhura, nikuone." Tulilala kitanda kimoja, mkono wake juu ya mbavu zangu. Mimi niliona ananitayarisha ili nisimwaibishe mbele ya watu wa kwao.

Jumamosi moja Baba mdogo alikuja na nyundo kubwa, ya kuvunjia mawe. Alisema leo ama itoke ama ipasuke. Akanipa nondo niishikilie nyuma ya dramu, akapiga. Kipande cha kutu kiliruka kikanichana juu ya jicho. Sikulia kwa maumivu, nililia kwa damu, maana iliingia jichoni nikadhani nimekuwa kipofu.

Mama alinibeba mpaka kwenye mtungi. Alinisafisha, akanifunga kitambaa, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya Bibi.

"Mama, naomba ufunguo."

"Wa nini, mkwe wangu? Siku bado."

"Naomba tu, mama."

Bibi alimtazama, akamtazama mwanawe mwenye nyundo, akanitazama mimi na kitambaa changu. Akafungua pindo. Mama alizunguka gari, akafungua mlango wa upande alioukalia siku zote alipokuwa na baba, akainama chini ya usukani bila kukigusa kiti cha baba. Tukasikia chuma kinalia kidogo, kama mlango wa zamani.

"Shemeji, jaribu sasa. Kwa ile nyundo ndogo."

Baba mdogo aligonga, akazungusha, akagonga. Dramu ikajongea. Akaivuta, ikamtokea mikononi na vumbi jekundu likatumwagikia miguuni. Ya pili ikafuata.

"Siku ile tulipotoka shamba na homa yake hakuweza kushuka kutafuta jiwe," mama alisema. "Breki ya mkono nikaivuta mimi."

"Sasa mbona hukusema, shemeji? Mabega yangu yote haya!"

"Hamkuniuliza."

Kibwana alicheka mpaka akashika ukuta. Baba mdogo naye akacheka. Mimi nilipiga vigelegele, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Breki zilisafishwa, magurudumu yakarudishwa. Asubuhi ya safari nilikunja gauni langu la Idi ndani ya kikapu, nikapanda, nikakaa katikati. Bibi alikuja dirishani.

"Shuka, mjukuu wangu. Wewe ni wa huku, kwa baba yako."

Nilimtazama mama aseme neno. Aligusa kitambaa juu ya jicho langu kwa ncha za vidole, akafungua mlango, akanishusha kwa mikono yake mwenyewe, na kikapu changu. Gari liliondoka laini kabisa, halikukwaruza hata kidogo. Nilisimama kwenye alama za magogo, na mafuta ya taa bado yamo ndani ya kucha zangu.

Aliolewa huko. Baadaye zikaja habari kwamba amefariki akijifungua. Sikumwona tena.

Nimekaa miaka nikimlaumu kwamba aliondoka upesi mno, hata hakulia. Juzi tu, nimesimama pale na ndoo yangu, ndipo nilipoelewa. Tangu nyundo ya kwanza alijua, na alijua pia kwamba mimi ningebaki. Alizihesabu zile alasiri kama mtu anayekula chakula cha mwisho kidogo kidogo, na angeendelea kunyamaza, lakini aliiona damu yangu. Mkono uliovuta breki ile ulikuwa wake, na ndio ulioiachia.

Kovu bado liko juu ya jicho. Mimi huligusa ninapojichana bila kioo.

Nisomeeni haya kwa subira, na mwenye nafasi aniandikie, hata mistari miwili, anisimulie ya mama yake. Andikeni kwa herufi kubwa, tafadhali. Nasoma polepole kama ninavyoandika, na nitajibu.