Rubi Kumi na Saba za Baba

Juzi fundi wa saa pale Songo aliifungua saa ya marehemu baba, akanionyesha vidoa vyekundu, vidogo kuliko chembe ya mchanga.

"Hizi rubi watu wanatengenezaka tu, mama. Haiko na bei yoyote."

Nilicheka, kisha nikasikia harufu ya maharage.

Utotoni nilikuwa nimesoma kwenye uso wa saa ile: rubi kumi na saba. Nilijua pia kwamba wenye bunduki huua watu kwa ajili ya mawe ya thamani. Alasiri moja buti zao zilisikika uani. Baba alikuwa anaoga, saa ameiacha kwenye kiti. Niliitumbukiza katika sufuria ya maharage yaliyokuwa yakichemka, nikasimama mbele ya jiko.

"Weye mutoto, iko maji ya kunywa?"

Niliwapa. Walikunywa, wakaenda zao.

Jioni baba aliikuta saa kwenye sahani yake, imekufa.

"Nani alifanya hivi?"

"Ni minye, baba. Niliogopa watakuua juu ya ile mawe."

Aliifuta mchuzi, akaifunga mkononi, na hakuvaa saa nyingine mpaka tulipomzika.