Bolti ya Mama Mkwe

Mimi nina hasira za karibu. Mke wangu atakuambia hivyo kabla hujaketi, na sitambishia. Ndiyo maana nashangaa mpaka leo kwamba ile asubuhi ya kule Masha, na gurudumu lile, ndiyo asubuhi ninayoikumbuka kwa upole kuliko zote.

Kwetu Kivu ya Kusini, katika watu wetu wa mlimani, mwanamume na mama wa mke wake hawagusani, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Wengi tuliofika nao Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, waliziacha mila hizo njiani. Mama mkwe hakuacha hata moja. Miaka kumi na miwili tuliishi ua mmoja, milango ikielekeana, tukipishana kwa kukohoa: nikitaka kutoka nakohoa, yeye anageukia ukuta. Watoto walipozaliwa na majirani wakasema, "Huyu ni baba yake mtupu," yeye alijibu neno moja tu: "Miye sijue."

Kisha akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wajukuu wawili wa mwisho hakuwaona kabisa. Aliwapapasa uso kwa vidole, pua, paji, kidevu. Huyu mdogo alikuwa na wiki mbili tuliposikia kwamba katika hospitali moja ya Mbarara wamekuja madaktari wa macho, na kwamba Ijumaa, saa sita mchana, foleni inafungwa, na kesho yake wanaondoka. Mama akasema, "Nataka nione huyu mutoto. Huyu tu, kisha Mungu afanye ile anataka."

Nani ampeleke? Mke wangu alikuwa bado mzazi. Pikipiki ya kukodi mama hakuitaka: "Mutu asiyenijua atanipeleka fasi gani?" Basi nikabaki mimi, mkwe. Mke wangu akacheka mpaka akashika tumbo, halafu akaleta nusu gunia la viazi vitamu, akalifunga kwenye kiti katikati yetu, ili mila ipite salama. Nikamwambia tunapeleka mgonjwa, hatuendi sokoni. Akanijibu nifunge mdomo niendeshe.

Pikipiki yangu haikuwa kama zile za boda. Ilikuwa kubwa, ya Ulaya, nimeinunua kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na niliringa nayo vibaya. Sikujua kwamba kuringa huko kutanidhalilisha pale Masha, njiani kwenda Mbarara, ambapo tairi la mbele liliishiwa upepo na mdomo wa kujazia upepo ukakatika kwenye tyubu. Hapo hakuna kiraka. Tyubu mpya nilikuwa nayo, lakini lazima gurudumu litoke, na ili litoke lazima ekseli ichomolewe.

Fundi wa pale barabarani alikuwa mtu mzuri, Mnyankole mwenye sanduku zima la sipana. Akachuchumaa, akatazama ekseli, akajikuna.

"Ssebo, hii haina kichwa ya kushika. Ni tundu, na ndani ya tundu iko pembe sita. Chuma yake inaingia ndani. Mimi sina. Hapa hakuna mtu ako nayo. Labda Kakoba."

Kakoba! Kakoba ni Mbarara penyewe, na saa tatu ilikuwa imeshapita. Gari la abiria halikuonekana, na boda ya kukodi mama alikwisha kuikataa. Huko ndiko nilikokuwa nikiipeleka siku zote, kwa fundi mwenye kile chuma, na kila mara nilijiambia nitanunua changu. Sikununua. Fundi wa Masha alijaribu bisibisi mbili kwa pamoja, zikateleza. Akachukua tindo na nyundo. Nikampigia kelele kwamba akiharibu lile tundu hata Kakoba hawataweza, na yeye akanipigia kelele kwamba basi niendeshe kwa gurudumu moja kama naweza. Ng'ombe wa watu wakasimama kututazama.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya gunia lake kando ya barabara, kitambaa kimefunika macho. Akauliza hewani, bila kunielekea, "Nini inakosekana?"

Nikamjibu nikitazama ng'ombe. Nikamweleza tundu, pembe sita, chuma cha kuingia ndani. Nilikuwa nikiona saa sita inakuja na mtoto yule atakua bila bibi yake kumwona.

"Munipeleke kwa ile tundu."

Fundi akamshika mkono. Mama akapiga magoti kwenye vumbi, akatia ncha ya kidole chake kidogo ndani ya ekseli, akakizungusha taratibu, pembe moja baada ya nyingine. Kisha akasema aletewe kikapu chake. Chini ya sufuria na nguo akatoa bolti.

Ile bolti niliijua kwa mlio wake. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa malori, na siku walipokimbia, ndicho kitu pekee cha mkono wa mumewe ambacho mama aliwahi kukichukua mezani. Kila jioni alitwangia kitunguu saumu kwa kichwa chake. Na akikaa peke yake aliizungusha nati yake, inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, mpaka sisi ndani tukajua anamfikiria mzee.

"Jaribu kichwa yake," akasema. "Kidole yangu inasema ni kipimo moja."

Kichwa kikaingia kwenye tundu kana kwamba kimezaliwa humo. Fundi akapiga yowe. "Wewe! Na inanuka chakula!"

Lakini bolti yenyewe ilibaki nje haina pa kushikwa ila kwenye meno yake inakopita nati, maana nati ingezunguka peke yake, na fundi alikuwa na koleo kali la kubana. Nikamwambia mama ukweli: koleo litayatafuna meno, nati haitapita tena. Akanyoosha mkono, akarudishiwa bolti. Akaipandisha nati mpaka juu kabisa, akaishusha, mara moja tu.

"Kama ni kuharibika, iharibike. Miye nataka macho."

Fundi akabana, akagonga koleo kwa nyundo, mara ya tatu ekseli ikalia na kulegea. Tukabadilisha tyubu, na wakati wa kukaza, bolti ikatafunwa mara ya pili. Nilimpenda mama yule pale pale, bila haya, na sikuwa na ruhusa hata ya kumshika mkono nimwambie asante.

Tulifika mlango wa foleni unataka kufungwa. Walimfanyia jicho moja siku hiyo. Nililala sakafuni kando ya kitanda chake, mgongo nimempa yeye kama inavyotakiwa, na asubuhi bandeji ilipotolewa nilikuwa bado nimepitiwa na usingizi. Nilipoamka nilikuwa nimegeuka usingizini, na nilimkuta ameshika bolti. Alikuwa akiizungusha nati. Ikashuka kidogo, ikagota. Akajaribu tena, ikagota. Akairudisha kikapuni. Nikageukia ukuta.

Viazi tulivigawia wodi nzima, kwa hiyo kurudi hapakuwa na gunia. Sikuuliza. Tulipoondoka nilihisi mikono miwili imekamata shati langu mgongoni, na haikuliachia mpaka Nakivale.

Mke wangu alitoka na mtoto. Mama akampokea, akampeleka kwenye mwanga, akamtazama muda mrefu sana.

"Huyu ni baba yake mutupu," akasema. "Angalia masikio."

Mke wangu akashtuka. "Mama! Ulimuona wapi baba yake?"

"Alikuwa amelala pale hospitali," akasema mama mkwe, bado anamtazama mtoto. "Nikamuangalia mupaka nikashiba."