Inua Mkono

Leo, uwanjani Gitothua, binti yangu alinipa filimbi niwachezeshe yeye na wenzake. Nilipoiweka mdomoni, ladha ya plastiki na mate ya mtu mwingine ikanirudisha Thika, kwenye uwanja wa basketboli wa shule yetu, wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe.

Nilikuwa nimeteguka mguu, na mwalimu alikuwa na mazoea ya kumpa filimbi aliyeumia. Mpira ulichomoka ukabaki bila mwenyewe. Msichana wa Kiandutu, kwenye vibanda vya mabati, aliyenibebea mkoba asubuhi hiyo, aliufikia kwanza. Rafiki yangu akamsukuma kwa nyuma, wakaanguka wote wawili. Niliona vizuri kabisa. Nikapuliza, nikamnyooshea kidole yule wa Kiandutu.

"Lakini ni mimi nimesukumwa, refa."

Refa! Tulikuwa darasa moja.

"Faulo ni yako. Inua mkono."

Ndivyo mwalimu alivyotufundisha: ukiitiwa faulo unainua mkono, huushushi mpaka refa aitikie kwa kichwa. Akauinua. Kiganja kilikuwa kimechunika, damu ikiteremka hadi kwenye kiwiko, naye akinitazama, akingoja.

Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu, na haikuwa imefunguka.