Tundu la Nyongeza

Katika maisha yangu yote ya kununua na kuuza sijawahi kukataa nyongeza, isipokuwa mara moja, na hiyo nyongeza ilikuwa tundu.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliozoea foleni ya sabuni tulikuwa tunasimama mbele ya ndoo za plastiki tunazishangaa kama wageni. Mzungu mmoja wa mradi alikuwa anarudi kwao, akatandaza vyombo vyake uani auze. Mimi nilitaka tangi lake la kioo. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nilioshe, nimuuzie mwenye mgahawa aweke sambusa. Tukavutana bei mpaka jasho likamtoka. Tulipokubaliana nikamwuliza, kama nilivyoulizaga siku zote, "Na nyongeza je?" Akacheka. "Chukua na samaki."

Walikuwa wawili, rangi ya chungwa, mikanda myeupe, kila mmoja urefu wa kidole. Samaki wa baharini. Maji yao ya chumvi yaliletwa na gari la mradi kutoka pwani, na gari hilo lilikuwa limeshaondoka. Nikayateka kwenye madumu. Saba. Nikahesabu tena. Saba.

Mke wangu ni mzaliwa wa Tanga. Alinifuata huku kwetu, na ulikuwa mwaka wa kumi na moja hajaiona bahari. Aliinama juu ya dumu, akachovya kidole, akaonja.

"Hawa hawauzwi," akasema.

Nikafungua mdomo nianze maelewano.

"Na tangi haliuzwi."

Mwanamke yule hajawahi kuniomba hata doti ya pili ya khanga. Nikafunga mdomo.

Tatizo, nilikuwa nimenunua nusu ya mtambo. Mzungu alinieleza kwamba maji hushuka kwa tundu lililo juu kwenye kioo cha nyuma, yakaingia tangi la pili chini ya meza, yakachujwa humo, kisha pampu ndogo ikayapandisha tena. Tangi la chini lilikuwa limeshanunuliwa na mama mmoja wa maandazi, naye alikuwa ameshalijaza unga. Nilikwenda kumbembeleza. Nilirudi na maandazi mawili, nimeyalipia. Kwa siku nne samaki walikaa kwenye beseni, mke wangu akichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili wapate hewa.

Nikamwita fundi bomba kutoka Bunda, mzee wa Kiislamu ambaye kofia yake sijawahi kuiona imelowa.

"Tajiri, nikufungie bomba za chuma?"

"Chuma hapana. Chumvi inakula chuma, kutu inaua samaki."

"Basi tungoje mzigo wa Sirari."

Bomba za plastiki zilikuja kutoka Kenya. Pipa la plastiki lililobeba mafuta ya kula tukalikata katikati, tukaliosha mara saba, tukalisukuma chini ya meza. Ndani fundi akaweka sponji na kokoto, na upande wa pili ile pampu ya Mzungu. Bomba la kupandisha likapita ukutani, likabanwa kwa vibanio, likaingia tangini hadi nusu ya kina. Kisha nikamwona anapasha msumari moto.

"Unatoboa bomba langu?"

"Tundu la pumzi hili. Umeme ukikatika, maji ya juu yatarudi na bomba hilihili mpaka pipa lifurike. Tundu likivuta hewa, yanaacha."

"Mimi nimenunua bomba zima."

"Tundu nakupa nyongeza, tajiri."

"Nyongeza hiyo mpelekee mkeo."

"Toboa, fundi," mke wangu akasema kutoka mlangoni.

Akatoboa, pale bomba linapokaribia kuingia majini. Umeme ulikatika mara tatu wiki ile. Pipa halikufurika hata mara moja, kwa hiyo nikaamini tundu halina kazi. Nilichokiona mimi ni kwamba pampu ikiwaka tundu linatema mate ukutani, na yakikauka yanaacha mistari myeupe. Kila mstari ni chumvi ya mke wangu inapotea.

Mama yangu akateguka mguu kule Buswahili, Butiama. Mke wangu akaenda kumhudumia. "Narudi Alhamisi na gari la mchana," akaniambia. "Umeme ukikatika, kikombe."

Jumatano nikakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha juu ya tundu, nikafunga mafundo matatu. Ukuta ukakauka. Nikajipongeza.

Alhamisi saa sita feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Nikachukua kikombe. Kabla sijachota nikasikia maji miguuni.

Pipa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni na linamwagika, na tangini maji yanashuka kioo huku nayaangalia. Nikakimbilia sufuria. Nikachota, nikamwaga juu. Yakarudi chini na bomba. Nikachota, nikamwaga, yakarudi. Nilikuwa natwanga maji. Nikavuta bomba: vibanio vya fundi havikutikisika. Maji yalikuwa yanapita chini ya mlango kwenda uani, na ziwa letu lisilo na chumvi, hatua mia mbili kutoka hapo, lisingeweza kunilipa hata tone.

Ndipo nikakumbuka ukanda. Mafundo yalikuwa yameloa, yamekaza. Sikuona kisu. Nikapanda juu ya meza, nikayang'ata. Fundo la kwanza. La pili. La tatu lilikatika pamoja na kipande cha jino. Tundu likanyonya hewa, bomba likakoroma, likanyamaza.

Nikapima kilichobaki. Madumu matano na kidogo. Nikapima tena, labda nimekosea. Matano na kidogo. Nikayarudisha tangini mpaka usawa wa tundu la kioo, na yaliyobaki pipani hayakufika kwenye mdomo wa pampu. Samaki walikuwa juu, wanafunua vinywa.

Nikaiangalia ndoo ya maji ya ziwa pale jikoni, na kopo la chumvi ya mboga kando yake. Nani angejua? Mke wangu angejua. Kila asubuhi alichovya kidole na kuonja.

Nikatoka nyuma ya nyumba. Musoma hakuna kitu cha bure kama mawe. Nikaosha kumi na manne, nikayapanga ndani ya pipa moja moja, na kwa kila jiwe maji yakapanda, mpaka pampu ikazama. Kisha nikakaa na kikombe, nachota na kumimina, nahesabu. Nilikuwa kwenye mia nne na sita mke wangu aliposimama mlangoni na kifurushi cha karanga za mama.

Alitazama sakafu. Akatazama ukanda uliong'atwa, na mdomo wangu. Akachovya kidole.

"Chumvi ni ileile," akasema. "Maji ndiyo machache."

"Niliziba tundu."

Akahesabu samaki, mmoja, wawili. Akavua viatu, akanipokonya kikombe. "Pumzika. Unawamiminia kwa pupa."

Umeme ulirudi alasiri. Pampu ilikohoa, ikapandisha, tundu likaanza kutema mate yake ukutani, na hakuna aliyeyafuta.

Jumamosi nilimwita fundi atoboe tundu la pili, chini kidogo ya lile la kwanza.

"La pili la nini, tajiri?"

"Mimi nahesabu mara mbili," nikamwambia. "Na hili nalilipia."