Bernadetha Mvalisha Skapulari

Pale Makanyagio, mjini Mpanda, mgonjwa akizidiwa, watu walimwita padri na walimwita Bernadetha. Mara nyingi walianza na Bernadetha, maana padri mmoja na vigango vyote vile, ungeweza kumsubiri mpaka matanga yakaisha. Mama huyu wa chama cha Legio ya Maria aliingia na rozari mkononi, na kabla ya kuuliza hali alikuwa ameshapeleka vidole shingoni mwa mgonjwa, akitafuta uzi wa skapulari, vile vipande viwili vya kitambaa cha kahawia, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Mama Maria aliahidi kwamba atakayekufa ameivaa hataungua moto wa milele. Bernadetha aliiamini ahadi hiyo kama alivyoamini kwamba masika yatakuja. Akiukosa uzi, alitoa skapulari ya kumvalisha mgonjwa, na wenye nyumba walikiona.

"Nyie mmemwacha mtu shingo tupu? Mnataka aende kwa Mungu kama kuku aliyenyonyolewa?"

Alikuwa mkali, tena ukali wa kuudhi. Waliopeleka wagonjwa wao kwa waganga aliwasema mpaka kwenye jumuiya, mbele za watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mwaka tisini na tatu mwanawe wa pekee, Upendo, alishuka kwenye treni ya Tabora. Alikuwa amemzika mume huko, na mwenyewe alikuwa amebaki mifupa. Ugonjwa ule watu waliujua, ila hakuna aliyeutaja. Hospitalini walimpa vidonge na kumrudisha nyumbani. Bernadetha alisali novena baada ya novena, na mtoto akazidi kuisha.

Ndipo wifi yake, Nyanzala, akaja kutoka Kibaoni. "Wifi, huyu ni damu ya kaka yangu. Huko kwetu kuna mganga, wengi wamepona. Utakaa unasali mpaka umzike?"

Mfa maji haachi kutapatapa. Bernadetha alikubali, akawaambia majirani kwamba wanakwenda kubadilisha hewa.

Mganga alimtazama Upendo, akaona uzi shingoni. "Dawa yangu haikai pamoja na kitambaa hicho. Mvueni, asikivae mpaka dawa imalize kazi yake."

Upendo, ambaye hata kikombe kilimshinda kuinua, alikikamata kile kitambaa kwa vidole vyote. "Mama, niachie."

"Ni kwa muda tu, mwanangu."

"Mama, niachie hii."

Bernadetha alivifungua vidole vile kimoja kimoja. Akaivua skapulari, akaifunga kwenye pindo la kanga. Shingo ya mama wa mgonjwa hakuna aliyeiulizia, na skapulari yake mwenyewe ilibaki mahali pake.

Dawa ilimharisha Upendo mpaka akaishiwa nguvu kabisa. Walipanda lori la mpunga kurudi Mpanda, na mchana, mji ukiwa bado mbali, alikata roho kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Kabla hata ya kulia, Bernadetha alifungua pindo, akamvalisha maiti. Nyanzala aliona, akageuza uso.

Wanawake walipomaliza kumwosha marehemu, rafiki yake Mariana alitoka akifuta machozi. "Mama Upendo, mshukuru Mungu. Mwanao amekufa na vazi la Mama."

Bernadetha aliitikia kwa kichwa. Kuitikia kule kulimuuma kuliko kifo chenyewe.

Kwaresima alikwenda kuungama. Padri Gelasius alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Skapulari si hirizi, mama. Binti yako alikufa akiitaka. Kwa Mama Maria hiyo inatosha."

"Ya Upendo nimeelewa, Padri. Yeye aliitaka. Mimi niliyemvua, huku yangu ipo shingoni, mimi je?"

Padri akamwondolea dhambi, akampa malipizi. Aliyatimiza yote. Mungu amesamehe, alijiambia njiani, lakini Upendo hajasema kitu.

Tangu hapo hakwenda tena kwa wagonjwa, akasingizia magoti. Miaka ilipita, uchungu haukupita. Siku moja alimshika Mariana mkono. "Siku yangu ikifika, nivueni hii kabla sijakata roho. Nataka kwenda shingo tupu."

"Wewe? Acha maneno ya homa."

"Niahidi."

Mariana aliahidi, ili amtulize. Hakuambiwa sababu, na hakuuliza.

Bernadetha alizidiwa masika ya mwaka tisini na nane. Sauti ilikuwa imemkatika, akawa anapeleka mkono shingoni, anauvuta ule uzi kwa nguvu zote alizobaki nazo. Mariana akadhani anaitafuta skapulari yake. Akakifungua kiganja kile taratibu, akamtengenezea vizuri kifuani, akaushikilia mkono wake mpaka alipotulia.